Ramani ya bustani ya mapumziko: ukuta mrefu, geti moja, na "kona ya walemavu" nyuma ya vyoo. Naomba hoja

Katibu_wa_Kamati:

Wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi. Tumepata eneo la wazi tuligeuze bustani ya mapumziko na michezo, itumiwe na kila mtu. Mchoraji ameshaleta ramani na kikao cha kuipitisha kiko karibu. Kila nikiitazama moyo unasita, lakini nikiulizwa kasoro iko wapi nakosa pa kuanzia.

Ramani iko hivi. Uwanja wa mpira uko katikati na umekula zaidi ya nusu ya eneo. Ukuta unaozidi kimo cha mtu umezunguka pande zote, geti ni moja tu, upande wa barabara. Michezo ya watoto wadogo imewekwa kona ya mbali kabisa na geti ili wasitokee barabarani. Benchi zote ziko mstari mmoja zikitazama mpira. Nyuma ya vyoo kuna kieneo kilichoandikwa "kona ya walemavu": bembea moja ya kupandisha kiti mwendo, ndani ya uzio wake wenye kufuli. Taa ni mbili, za nguzo ndefu, kali, zote zinamulika uwanja.

Wenzangu wanasema usalama utangulie, na hayo ya kumfikiria kila mtu yatafuata fedha zikibaki. Nina binti wa miaka 12. Nina mama anayetembea kwa mkongojo, naye ndiye anayekaa na wajukuu jioni. Nimejaribu kuwaweka wote wawili kwenye ramani ile nikakosa pa kuwaweka. Binti atafanya nini pale zaidi ya kutazama wavulana wakicheza? Bibi yake atakaa wapi awaone wadogo?

Naomba hoja zenye vipimo. Kikao chetu kinasikiliza vipimo kuliko hisia.

Msanifu_Mandhari:

Dada Katibu, pole na majukumu. Kazi yangu ni usanifu wa mandhari, na ramani za namna hiyo zinaletwa kwangu mara nyingi. Moyo wako unasita kwa haki.

Kasoro kubwa ya ramani hiyo ni kuugawa usalama na ujumuishi, yaani kumfikiria kila mtu, kana kwamba ni vifungu viwili vya bajeti. Bustani inalindwa na watu waliomo. Bibi aliyekaa benchi na wajukuu wake, wasichana wanaocheza wavu, baba anayesukuma bembea: hao ndio wanaomfanya mwenye nia mbaya aende kwingine. Ukipanga eneo ambalo bibi na binti hawana la kufanya, umeondoa walinzi wako kwa mikono yako, kisha unajenga ukuta kufidia. Hiyo ndiyo hoja ya kuanza nayo kikaoni.

Nianze na binti. Mji wa Vienna, Austria, ulifanya uchunguzi katikati ya miaka ya 1990 kuona nani anatumia bustani za umma. Ikaonekana wasichana wanapungua ghafla wakishavuka umri wa miaka 9 hivi, wavulana wanabaki. Hakuna aliyewakataza. Eneo lilikuwa moja, wazi, la kazi moja, na wasichana wakikuta limeshashikwa waliondoka kuliko kugombania. Mwaka 1999 wakaanza kuzipanga upya bustani mbili, Einsiedlerpark na Bruno-Kreisky-Park. Eneo kubwa likagawanywa kwa mimea kuwa vipande vidogo, zikaongezwa njia za miguu, na sehemu za mpira wa wavu na wa vinyoya (badminton). Mabadiliko yalionekana mapema: wasichana na wavulana wakatumia bustani ile ile bila kundi moja kulimeza jingine.

Kwa hiyo usiombe mpira ufutwe, utashindwa kikaoni, na vijana wa mpira nao wana haki yao. Omba uwanja upunguzwe na usogezwe upande mmoja. Kama utakuwa na uzio, uwe na nafasi pana mbili au tatu za kuingilia. Mlango mmoja mwembamba, vijana wanne wakisimama hapo wakiongea tu bila ubaya wowote, msichana hapiti. Nimelitazama jambo hili kwa macho yangu, uwanja baada ya uwanja: anafika, anaangalia mlango, anageuza njia.

Sasa ukuta. New York kuna Bryant Park, bustani iliyokuwa imeinuliwa juu ya usawa wa barabara na kufichwa kwa uzio wa chuma na ua mrefu wa mimea. Kwa macho ya haraka ungesema imelindwa vizuri. Miaka ya 1970 ilikuwa kijiwe cha wauza dawa za kulevya, kwa sababu ukishaingia hakuna wa nje anayekuona. William H. Whyte, aliyetumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyokaa kwenye maeneo ya wazi ya mjini, alishauri vizuizi viondolewe, njia za kuingilia ziongezwe na bustani ionekane kutoka barabarani. Ilifungwa 1988 kwa matengenezo, ikafunguliwa tena 1992 ikiwa na viti vyepesi ambavyo mtu anavisogeza anapotaka. Leo ni kati ya bustani zinazojaa watu kuliko nyingi duniani. Huyo Whyte alikuwa na kipimo kimoja ninachokitumia mpaka leo: hesabu wanawake. Wakiwa wachache kuliko kawaida, kuna kitu hakiko sawa hata kama hakuna tukio lililoripotiwa.

Vipimo vya kupeleka kikaoni:

Uzio uwe wa kuona kupita. Vichaka visizidi sentimita 90, na matawi ya chini ya miti yaanzie mita 2 kwenda juu. Kati ya hapo jicho lipite bila kizuizi. Mageti yawe angalau mawili, pande zinazoachana. Mtu anayefuatwa anahitaji pa kutokea, na geti moja linampa mfuataji uhakika wa njia atakayopita.

Taa mbili kali ndefu ni hasara tupu. Macho yakizoea mwanga mkali, kila kilicho nje ya mwanga huo kinakuwa cheusi zaidi kuliko kama pasingekuwa na taa kabisa. Chagua taa nyingi za wastani, fupi kuliko hizo, zikifuata njia za miguu, mwanga wake ufanane kutoka nguzo hadi nguzo. Kipimo chepesi ni hiki: simama njiani usiku, je, unautambua uso wa anayekuja kabla hajakufikia? Na usiweke taa kwenye njia isiyo na pa kutokea. Taa ni mwaliko, na hapo utakuwa unawaalika watu mahali pabaya.

Michezo ya watoto wadogo isipelekwe kona ya mbali. Ilete karibu na geti kuu na benchi, uizungushie uzio mfupi wa mita moja hivi wenye kigeti kinachojifunga chenyewe. Hofu ya barabara inaisha, na watoto wanaonekana.

Halafu uliza swali ambalo ramani nyingi hazijibu: mtoto akianguka, anaangukia nini? Nyasi na udongo ulioshindiliwa havihesabiwi kuwa sakafu salama, na zege ndiyo mbaya kuliko zote. Miongozo ya Marekani inasema vipande vidogo vya mbao vyenye kina cha sentimita 23 vinamlinda mtoto aliyeanguka kutoka hadi mita 3, lakini mchanga wa kina hicho hicho unatosha kwa mita 1.2 tu. Watu wengi wanamwaga mchanga wakidhani kazi imekwisha. Kuzunguka kila chombo paachwe angalau mita 1.8 bila kitu kigumu, na bembea ziachiwe zaidi ya hapo mbele na nyuma. Na mwambie fundi apime nafasi kati ya vyuma: kati ya sentimita 9 na 23 ni hatari, kwa sababu mwili wa mtoto mdogo unapita kwa miguu, kichwa kinakwama, na mtoto anabaki ananing'inia kwa shingo. Kanda ya kupimia inamaliza kazi hiyo asubuhi moja.

Magurudumu:

Natumia kiti mwendo tangu utotoni, kwa hiyo naomba niizungumzie hiyo "kona".

Dada, hiyo bembea ya kupandisha kiti mwendo naijua. Ni jukwaa zito la chuma. Kwa uzito wake likimgonga mtoto aliyesimama mbele yake linaumiza vibaya, ndiyo maana wanaizungushia uzio na kufuli. Matokeo yake funguo iko kwa mtu, na mtu huyo hayupo. Hata akiwepo, mtoto anabembea peke yake ndani ya kizimba huku wenzake wakimtazama kwa nje. Mtoto anakuja bustanini na ndugu zake. Anataka kucheza nao.

Kwa fedha hiyo hiyo ungeweza kupata vitu ambavyo watoto wote wanavigombania. Kuna bembea ya kapu kubwa la kamba, wanalala watatu wanne pamoja, asiyeweza kukaa wima naye yumo. Kuna gurudumu la kuzunguka lililochimbiwa hadi usawa wa ardhi, kiti kinaingia moja kwa moja bila kunyanyuliwa. Kuna meza ya mchanga iliyoinuliwa, magoti yanapita chini yake. Na bembea zenye mgongo na mkanda ziwe kwenye mstari ule ule na bembea nyingine.

Kuhusu vipande vya mbao alivyosema Msanifu, namheshimu, lakini kwangu mimi ile ni ardhi ya kuzama. Magurudumu ya mbele yanachimba na hayatoki. Basi kama fedha haitoshi kuweka sakafu ya raba kote, wekeni njia ngumu, tambarare, ifike mpaka kwenye vile vyombo vinavyotumika na wote, na raba iwe chini ya hivyo tu.

Njia ya mteremko isipande zaidi ya 1 kwa 12. Kila sentimita moja ya kwenda juu inadai sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, basi mteremko wake usipungue mita 5 na sentimita 40. Mafundi wengi wanaumalizia kwa mita mbili, na mteremko wa hivyo siupandi bila kusukumwa, kushuka ndiko kunaniogopesha zaidi. Juu na chini pawe na tambarare ya mita 1.5. Upana wa sentimita 90 unapitisha kiti kimoja, ila njia kuu iwe mita 1.8 ili wawili tupishane.

Na kizingiti cha geti. Tafadhali hili lisimamie wewe mwenyewe. Ukingo wa sentimita tatu, ambao wewe unauvuka bila kujua kama upo, unakamata vigurudumu vidogo vya mbele, kiti kinasimama ghafla, mwili unaendelea. Nimeng'oka kitini kwa namna hiyo mbele ya watu. Baada ya siku ile sikurudi kwenye bustani hiyo, na sidhani kama aliyeijenga anajua kwa nini.

Wakikuambia hisani itafuata fedha zikibaki, wasomee ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Inataka watoto wenye ulemavu washiriki michezo na mapumziko sawa na watoto wengine. Sawa na wengine, dada. Nyuma ya vyoo hakuna usawa.

Mlinzi_wa_Zamu:

Kwa heshima zote, Msanifu. Mimi nalinda maeneo kama hayo usiku. Geti moja linanirahisishia, najua aliyeingia na aliyetoka. Mkiweka mageti manne nitakuwa wapi? Na ukuta unazuia wezi wa vifaa. Haya mambo ya kuona kupita ni mazuri mchana.

Ila hapo nyuma ya vyoo nakubaliana na wote. Matukio mabaya niliyowahi kuyakuta yalikuwa sehemu ya namna hiyo: ukuta huku, choo huku, katikati uchochoro. Kutoka getini sioni wala sisikii.

Msanifu_Mandhari:

Kaka Mlinzi, ahsante, maana wewe ndiye mtu ambaye wachoraji hawamuulizi.

Mageti yanaweza kuwa manne mchana na moja usiku. Yafungwe kwa saa zinazojulikana, ziandikwe kwenye bango, na uyafunge baada ya kuzunguka eneo zima. Kuhusu ukuta, fikiria mwizi akisharuka: ukuta unamficha yeye, na mpita njia wa nje hawezi kukusaidia wewe. Uzio wa nondo za wima ni mgumu kupanda vile vile, na wewe ukiwa pembeni na tochi unaona mpaka mwisho wa bustani.

Kile ulichosema kuhusu vyoo kina thamani kuliko maelezo yangu yote. Dada Katibu, vyoo visogezwe karibu na geti kuu na michezo ya watoto, milango itazame njia yenye watu, nyuma yake pasiwe na uchochoro. Chumba cha wenye kiti mwendo kiwe na nafasi ya kugeuka ya mita 1.5 na mlango ufunguke kwenda nje, ili mtu akianguka ndani asiuzibe. Bustani isiyo na choo kinachotumika, wanawake, wazee na wenye watoto wadogo wanakaa nusu saa na kuondoka. Tena utaona benchi ziko tupu ukadhani watu hawapendi bustani.

Mama_wa_Kimya:

Naongeza moja. Mwanangu ana usonji. Kelele zikizidi anahitaji pa kujitenga kidogo, mahali penye kivuli na mgongo uliozibwa, lakini anawaona wenzake. Akishatulia anarudi mwenyewe. Isiwe mbali, iwe ukingoni mwa michezo. Na ule uzio mfupi wenye kigeti cha kujifunga nauunga mkono kwa nguvu zote, kwa sababu wangu akishtuka anakimbia bila kuangalia mbele. Bila uzio ule mimi sikai, nakimbia naye muda wote. Mkiweza, geti la sehemu hiyo liwe moja tu, na benchi ya mzazi iwe karibu nalo.

Katibu_wa_Kamati:

Nimesoma yote na nimeyanakili. Mama wa Kimya, hilo lako sikuwahi kulifikiria, nitaliomba liingie kwenye mchoro kwa maneno yako hayo hayo.

Msanifu, maswali mawili ya mwisho. Fedha zitakuja kwa awamu, tuanze na nini? Na kuna wajumbe ambao hata niwasomee vipimo hawatasikia mpaka waone kwa macho. Hao nawafanyaje?

Msanifu_Mandhari:

Anza na ardhi. Miinuko, mitaro ya maji ya mvua, njia, vyoo, kivuli, benchi na mabomba ya umeme wa taa. Vyombo vya michezo vinaweza kununuliwa kimoja kimoja baadaye, lakini njia iliyojengwa na ngazi itabaki na ngazi, hakuna atakayeibomoa. Kamati nyingi zinafanya kinyume kwa sababu bembea inapiga picha nzuri siku ya uzinduzi na mtaro haupigi.

Na msione aibu ya vitu vichache. Aldo van Eyck, msanifu wa Uholanzi, alianza mwaka 1947 kujenga viwanja vya watoto Amsterdam kwenye vipande vya ardhi vilivyoachwa tupu mjini. Mpaka miaka ya 1970 inakaribia mwisho vilikuwa zaidi ya 700. Vingi vilikuwa na shimo la mchanga lenye ukingo mpana wa zege, vyuma vya kuning'inia na benchi. Benchi zilielekea watoto. Hapo ndipo mama yako anapokaa kwenye ramani: benchi zenye mgongo na vya kuegemeza mikono, kwa sababu mwenye mkongojo anahitaji kitu cha kujisukumia anaposimama. Pembeni ya kila benchi acheni sentimita 90 za ardhi ngumu ili mwenye kiti mwendo akae sambamba na rafiki yake, asiwe mbele yake wala njiani.

Kwa wajumbe wasiosikia vipimo, watoe nje. Toronto, Kanada, mwaka 1989 shirika la METRAC lilianzisha utaratibu wa wanawake kukagua usalama wa maeneo yao kwa kutembea wenyewe, hasa usiku, na tangu hapo miji mingi imeufuata. Tembeeni kabla ya kikao, jua likishazama. Mchukue mama yako, binti na rafiki zake, mwenye kiti mwendo, mlinzi wa eneo, na mjumbe mbishi kuliko wote. Chora kwa chokaa mahali ukuta utakapopita, geti litakapokuwa na hiyo kona ya nyuma ya vyoo. Kisha simameni kila sehemu na kuulizana: hapa ukipiga kelele nani atasikia? Hapa unaona nini? Ukitaka kuondoka unapita wapi? Wasichana waulizwe peke yao, baba zao wakiwa mbali kidogo, utapata majibu mengine kabisa. Kila jibu liandikwe juu ya ramani mahali pake.

Mjumbe aliyesimama gizani ndani ya ile kona, akaambiwa na msichana wa miaka 12 kwamba yeye hapa hapiti, hatahitaji kusomewa sentimita.

Magurudumu:

Na kiti mwendo cha kuazima kikipatikana, mjumbe huyo akae avuke kizingiti mwenyewe. Mtu asimame mbele yake wa kumdaka.

Katibu_wa_Kamati:

Nimeshaongea na mwenyekiti, amekubali matembezi yawe Jumamosi jioni, na mchoraji atakuja na kanda yake. Mlinzi wetu amesema yuko tayari kuonyesha sehemu anazoziogopa yeye. Ramani mpya ikitoka nitaiweka hapa muikague kabla haijapigwa muhuri, hasa Magurudumu, nataka uangalie mageti yote.